Barua kwa Shangazi: Mume Wangu Anataka Tuhamie Mtwara Sote kwa Siku Moja

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu na nimeishi Kihonda, Morogoro, kwa miaka 11. Mume wangu amepata kazi katika kampuni inayoshughulikia mizigo kwenye Bandari ya Mtwara, naye anatakiwa kuripoti mwanzoni mwa Oktoba. Anataka tukodi Fuso moja, tupakie kila kitu na tuondoke sote siku hiyohiyo, kwa sababu anaamini kwamba familia kutengana ni gharama na pia si jambo jema. Mimi sipingi kuhama, ila naona kama tunakimbizwa. Kijana wetu mkubwa yuko kidato cha pili, wa kati yuko darasa la sita, na mdogo ana miaka mitatu. Tunaishi na mama mkwe, ambaye ana miaka 72 na anatumia dawa za shinikizo la damu. Mume wangu ameniomba nisimweleze habari hizi hadi wiki ya mwisho ili asipate mawazo. Mimi ni fundi cherehani mwenye wateja wangu, na ni mwanachama wa kikoba ambacho hukivunja kila Desemba. Hatuna ndugu Mtwara na hakuna kati yetu aliyewahi kufika huko. Naomba unishauri tuanzie wapi.

Msomaji, Morogoro

Marahaba, mwanangu, na nashukuru kwamba umeuliza mapema, maana wengi huniandikia wakati mizigo imekwisha kushushwa. Nimeisoma barua yako mara mbili. Ndani yake Fuso imetajwa kabla ya watoto, na watoto kabla ya mama, na hilo si kosa lako, kwa kuwa ndivyo mazungumzo ya kuhama yanavyokwenda katika nyumba nyingi: tunahesabu vitanda, makabati na magunia, kisha watu tunawapachika mwishoni mwa hesabu hiyo. Ninawaomba mgeuze mpangilio. Kabla hamjazungumza na mwenye gari yeyote, kaeni na daftari, wewe na mume wako, mwandike majina ya watu wote sita wa nyumba yenu, na mbele ya kila jina mweleze asubuhi yake ya siku ya kawaida huko Mtwara: ataamka saa ngapi, atakwenda wapi, kwa miguu au kwa bajaji, atakuwa na nani, na atarudi saa ngapi. Yule ambaye mtashindwa kumwandikia asubuhi yake, huyo bado hamjampangia safari, hata kama kitanda chake kimekwisha kupatiwa nafasi garini.

Mkifanya hivyo mtaona mara moja kwamba mtu pekee ambaye asubuhi yake ya Oktoba inajulikana ni mume wako. Kijana wa kidato cha pili amekwisha kusajiliwa shuleni kwake kwa ajili ya upimaji wa kitaifa wa Novemba, na anatakiwa kuufanyia katika kituo alichosajiliwa. Kumng'oa mwezi mmoja kabla ya mtihani ni kumtwisha mzigo ambao si wake. Wa darasa la sita naye akimaliza mwaka hapo Morogoro, shule zikafungwa mwanzoni mwa Desemba, ataanza darasa la saba Januari katika shule mpya siku moja na wenzake wote, akiwa na miezi ya kutosha ya kuwazoea walimu kabla ya mtihani wa Septemba. Na wewe una kikoba chako, ambacho ukijitoa Oktoba utawaachia wenzako mkanganyiko wa hesabu, ilhali ukisubiri Desemba utapokea hisa zako kwa amani, baada ya kulipa mkopo kama unao, na fedha hizo zitawafaa sana katika mwezi wa kwanza wa ugenini.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: mume wako atangulie peke yake Oktoba, na ninyi mfuate katika wiki ya pili ya Desemba. Najua hatapenda kuusikia, basi umwonyeshe mambo mawili. La kwanza ni kwamba chumba kimoja cha kupanga kwa miezi miwili na ushee kina gharama ndogo kuliko kodi ya mwaka mzima ya nyumba isiyowafaa. La pili ni kwamba miezi miwili yenye tarehe ya mwisho inayojulikana na kila mtu ndani ya nyumba ni safari tu, na watoto huivumilia safari. Wanachoshindwa kuvumilia ni baba aliyeondoka bila kusema atarudi lini.

Kazi yake katika miezi hiyo haitakuwa bandarini tu. Katika majuma mawili ya kwanza asitafute nyumba kabisa, bali atembee. Apite Shangani, Ligula, Chikongola, Magomeni, Chuno na Rahaleo, afike mpaka Naliendele na Mikindani, kila mahali aende saa ya watu kwenda kazini na arudi tena usiku, kwa sababu kazi ya bandari ina zamu za usiku na mtaa wenye bajaji tele saa kumi jioni unaweza kuwa hauna hata moja saa sita za usiku. Nayasema haya kwa uchungu kidogo. Miaka mingi iliyopita, mimi na marehemu mume wangu tulipohamia Mtwara kutoka Tanga, dalali alitupeleka upande wa Mikindani, kwenye nyumba nzuri yenye vyumba vitatu na mwembe uani, akatuhakikishia kwamba maji ya kisima ni matamu, nasi tukalipa mwaka mzima siku hiyohiyo. Siku ya kwanza ya kupika niliinjika maharage adhuhuri, na hadi isha yalikuwa bado magumu kama kokoto, kwa kuwa maji yale yalikuwa ya chumvi na magumu. Kazi yangu ilikuwa mjini, shule ya mwanangu ilikuwa mjini, na Mikindani iko umbali wa takriban kilomita 10. Mtoto alikuwa akifika nyumbani magharibi, amechoka, madaftari hayafunguliwi. Nyumba ilikuwa nzuri kweli. Ila hatukuwa tumejiuliza asubuhi ya mtu hata mmoja kati yetu, na baada ya miezi mitano tulihama tena, kodi ya miezi saba iliyobaki ikapotea.

Basi mwambie mume wako aende kutazama nyumba akiwa na kipande cha sabuni mfukoni. Achote maji ya bomba au ya kisima kwenye ndoo, anawe mikono, na kama sabuni inakataa kutoa povu, ajue ndivyo itakavyokuwa kwa nguo na maharage pia. Ayaonje vilevile, kwa sababu visima vilivyo karibu na bahari mara nyingi vina chumvi. Awaulize majirani, si dalali, bomba hutoka siku zipi za wiki. Kuhusu umeme, aulize kama mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ni ya nyumba hiyo peke yake au ya kuchangia, kwa maana mita ya kuchangia imewagombanisha wapangaji wengi waliokuwa wakipendana, na akubaliane mapema na mwenye nyumba kuhusu kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU: ni wajibu wa mwenye jengo, lakini anayekatwa ni anayenunua umeme. Na kwa kuwa wageni wengi wakisikia Mtwara hufikiri kwamba kila jiko lina gesi asilia ya Mnazi Bay, ajue kwamba nyumba zilizounganishwa na bomba la gesi hiyo ni chache, kwa hiyo mtungi wenu mtauhitaji.

Akishapata nyumba mbili au tatu za kuchagua, uende wewe mwenyewe, ulale siku tatu, kisha uchague. Mwanamume aliyekaa peke yake huchagua nyumba kwa ajili ya kulala. Wewe utatazama jiko, uani pa kuanika, kivuli cha mchana, na mahali ambapo cherehani yako itaonekana na wapita njia. Siku hizohizo ndizo za kwenda shuleni. Kumbuka kwamba uhamisho huanzia kule mnakokwenda: ni lazima mwalimu mkuu wa shule mpya athibitishe kwa maandishi kwamba nafasi ipo, ndipo shule ya sasa imruhusu mtoto, na kwa shule za serikali, mnapovuka kutoka mkoa mmoja hadi mwingine, barua hupita pia kwa maafisa elimu. Taarifa za wanafunzi siku hizi ziko katika mfumo wa kompyuta, hivyo mtoto hawezi kufika Januari na madaftari tu mkononi akapokelewa. Chukua nakala za vyeti vya kuzaliwa na ripoti zao za mitihani.

Sasa niseme juu ya mama, na hapa sitakubaliana na mume wako hata kidogo. Kumficha mtu mzima habari ya kuhama hadi wiki ya mwisho hakumkingi na mawazo. Kunamnyima muda wa kuyamaliza. Mama wa miaka 72 aliyekaa mtaa mmoja kwa miaka mingi ana mambo ya kufanya kabla ya kuondoka ambayo ninyi hamyajui: ana deni la shilingi elfu mbili kwa muuza mboga, ana rafiki mgonjwa anayemwangalia kila Ijumaa, pengine ana kaburi la kwenda kulisalimia. Akipewa miezi mitatu atayafanya moja baada ya jingine, na kila moja litamsogeza karibu na safari. Akipewa siku tano atapakiwa, na shinikizo la damu litapanda kwa sababu hiyohiyo mliyokuwa mnaiogopa.

Amwambie mwanawe mwenyewe, si wewe mkwe, na amwambie akiwa ameketi chini kando yake, mchana, bila haraka. Tena asimwambie tu, bali amuulize. Inawezekana mama atapenda kubaki Morogoro kwa mwanawe mwingine kwa muda, inawezekana atataka kwenda nanyi lakini ana sharti lake. Bibi mmoja ninayemfahamu aliwakubalia wanawe kuhama kwa sharti moja tu, kwamba nyumba mpya iwe na kibaraza cha mbele, kwa sababu alisema hajawahi kula chakula cha jioni bila kuona watu wakipita. Walikipata kibaraza, wakatandika mkeka siku ileile ya kufika, na kabla ya magharibi alikuwa amekwisha kusalimiana na nusu ya mtaa. Sharti kama hilo huwezi kulikisia. Ni lazima uliulize.

Upande wa matibabu, mnapofanya safari ya mwisho kliniki hapo Morogoro, mwombeni daktari awaandikie dawa za kutosha angalau miezi miwili, na kadi yake ya kliniki isafiri mkobani mwake mwenyewe, wala isiwekwe sandukuni. Mtwara kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, na kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini huko Mitengo. Mtakapochagua nyumba, pimeni pia njia ya kwenda Ligula kwa bajaji, usiku.

Cherehani yako ni ajira, hivyo usiichanganye na vyombo. Toa sindano na bobini, shusha mguu wa kukandamizia juu ya kipande cha kitambaa kilichokunjwa, vua mkanda, kisha fungua kichwa utenganishe na meza yake. Kichwa kipake mafuta, kizungushie khanga ya zamani, halafu blanketi, na kisafiri mahali unapokiona. Ukifika, endelea kukipaka mafuta mara nyingi kuliko ulivyozoea Morogoro, kwani hewa ya bahari huleta kutu upesi sana. Habari njema ni kwamba mtafika majuma machache kabla ya shule kufunguliwa, wakati kila mzazi anatafuta fundi wa sare. Mume wako akiwa ametangulia, aulize katika shule mtakazochagua sare ni za rangi gani na za mshono gani, ili siku ya kwanza usianze kwa kubahatisha. Wateja wako wa Kihonda uwamalizie kazi zao zote kufikia mwisho wa Novemba na usipokee kitambaa kipya baada ya hapo. Fundi aliyehama na kitambaa cha mtu hubaki na jina baya hata asikokuwapo.

Kuhusu gari sina mengi. Desemba kusini ni msimu wa korosho, magari mengi yako kazini kati ya maghala na bandari, na mvua zetu, ambazo ni za msimu mmoja, huwa zinaanza. Kwa hiyo wekeni miadi ya gari mapema na mwenye gari awe na turubai zima. Ulizieni malori yanayopeleka saruji ya Mtwara mikoa mingine, kwani hurudi kusini na nafasi, na dereva anayerudi na gari tupu hupatana vizuri. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kama kilomita 560, nanyi mna ile ya kutoka Morogoro juu yake, basi mama na mtoto mdogo wasisafiri kwa mkupuo mmoja. Walale Dar es Salaam usiku mmoja. Siku mbili kabla ya kuondoka ulizeni hali ya barabara, maana Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, mvua iliikata barabara hii eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na wasafiri wakakwama. Friji isafiri ikiwa imesimama, na ikilazimika kulazwa, iache isimame siku nzima kabla ya kuiwasha.

Pakieni mwisho kabisa, mlangoni mwa gari, furushi moja la usiku wa kwanza: vyandarua na kamba za kuvifungia, shuka, sufuria moja, kisu, chumvi, majani ya chai, ndoo, taa ya kuchaji na dawa za mama. Sisi vyandarua vyetu vilikuwa chini ya kabati la nguo, na mbu wa usiku ule nawakumbuka hadi leo. Asubuhi yake, kabla ya kupanga vyombo, mwende wewe na mume wako kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mjitambulishe, kwa sababu barua yake mtaihitaji mara nyingi katika mwezi wa kwanza, na ni vizuri awe anawafahamu sura kabla hamjamwendea na shida. Kisha mtume yule wa darasa la sita akanunue ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa, barabarani, mle nyote na mama hapo nje. Niandikie tena Januari, nataka kujua mama amepata kibaraza au hakupata.

Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana, nahama kutoka Liwale kwenda Lindi mjini kufanya kazi dukani. Dalali amenitumia picha za chumba kwa simu na anataka nimtumie kodi ya miezi sita pamoja na ada yake leo, akidai kuna watu wengine wanne wanakitaka. Bei ni nzuri. Nifanyeje?

Msomaji, Liwale

Marahaba, mwanangu. Usitume. Picha ya chumba haikuonyeshi mwenye chumba, na haraka hiyo ya watu wanne ndiyo inayonitia shaka zaidi kuliko bei. Panda basi uende Lindi mwenyewe, na uende mapema, kwa sababu barabara ya Liwale hadi Nachingwea unaijua wewe kuliko mimi mvua ikishaanza. Kama una rafiki au ndugu pale mjini, omba hifadhi ya siku mbili.

Ukifika, kabla ya kumpigia dalali, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ambako chumba kipo, uliza nyumba hiyo ni ya nani na kama huyo anayejiita dalali anafahamika. Mwenye nyumba akipatikana, zungumza naye mwenyewe, na mkataba uandikwe hata kama ni ukurasa mmoja: majina yenu, chumba kipi, kodi kiasi gani, ya miezi mingapi, nani analipa maji na umeme, na mmoja wenu akitaka kuvunja atoe taarifa ya muda gani. Muwe na shahidi kila mmoja. Fedha zilipwe mbele yao au kwa njia inayobaki na kumbukumbu, na ada ya dalali ilipwe baada ya ufunguo kuwa mkononi mwako. Miezi sita ukiombwa, jaribu kwanza kuomba mitatu. Wapo wenye nyumba wanaokubali wakimwona mpangaji ana kazi na amekuja na mtu wa kumdhamini, na pengine bosi wako wa dukani anaweza kuwa mtu huyo.

Lindi imekaa kwenye mteremko unaoelekea baharini. Ukikitazama chumba, toka nje uangalie maji ya mvua yanatoka wapi na yanapita wapi, kisha uangalie ukuta kwa chini: ikiwa kuna mstari wa rangi ya udongo umbali wa kiganja kutoka sakafuni, maji yamewahi kuingia ndani, hata kama kuta zimepakwa rangi upya kuanzia hapo kwenda juu.